Mkuu wa shule anasema ushauri nasaha unawadekeza watoto: nifanyeje?

Mwalimu mwenzangu, pole. Unasema umekabidhiwa idara ya ushauri nasaha bila chumba wala kipindi, na mkuu anakuona unadekeza watoto. Nimeyapitia hayo.

Usianze kwa kubishana naye kuhusu kiboko. Sheria anaijua: Kenya ilikipiga marufuku shuleni mwaka 2001, na kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinataja faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Kinachomsumbua ni hofu. Bweni likiungua, anayeitwa kujieleza ni yeye, si wewe.

Mwombe kesi moja tu, ile iliyomchosha. Mimi nilipewa mvulana wa kidato cha pili aliyelala darasani kila asubuhi. Alikuwa ameshaadhibiwa mara tatu. Tulikaa stoo, katikati ya maboksi ya chaki. Alinyamaza muda mrefu, akijichuna ngozi ya vidole. Mwishowe akasema mama amelazwa, na yeye ndiye anayeamka saa tisa usiku kuwapikia wadogo zake. Kwa idhini yake nilimweleza mkuu. Alikaa kimya, kisha akaniuliza nahitaji vipindi vingapi kwa wiki.

Ila siri za wanafunzi usizipeleke ofisini ili upendwe. Mwambie mkuu mapema, tena waziwazi: mtoto akiwa hatarini nitakujulisha, mengine yanabaki kwangu. Wakijua unapeleka maneno, hawarudi tena.