Koti Lililolia Kama Mbu: Kabla Hujanunua Vazi la Mbwembwe

Ukumbi ulikuwa kimya. Mzungumzaji ameshika kipaza sauti, nami nimeketi mstari wa tatu ndani ya koti langu jipya lenye nyaya zinazong'aa buluu kuanzia kwenye kola hadi kwenye vikono. Nilikuwa nimelingoja wiki sita. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu akaanza kupunga daftari karibu na sikio. Kisha jirani yake. Kisha mzee mmoja akainua macho kutazama darini. Walikuwa wanatafuta mbu. Ilinichukua dakika nzima kung'amua kwamba mbu ni mimi.

Baadaye nilijifunza sababu. Waya wa namna ile umepakwa fosfori, yaani unga wa kutoa mwanga, na fosfori hiyo hung'aa ikipata umeme unaobadili mwelekeo mara nyingi sana kwa sekunde. Betri haitoi umeme wa hivyo, kwa hiyo mfukoni kuna kijisanduku cha kuugeuza, na kijisanduku hicho hupiga mluzi mwembamba muda wote kinapofanya kazi. Penye muziki husikii kitu. Video ya tangazo, bila shaka, ilikuwa na muziki.

Nina ugonjwa wa vitu hivi tangu ujana: saa yenye kikokotoo, kofia yenye spika, mkanda wa suruali unaoficha bisibisi, pete inayobadilika rangi kufuata joto la kidole. Sijutii vyote. Lakini nimetupa vingi kuliko nilivyobaki navyo, na siku hizi kabla sijabonyeza kitufe cha kununua najiuliza swali moja: mbwembwe zikifa, kinabaki nini? Likibaki koti, nanunua. Ikibaki takataka yenye zipu, naacha. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ila wao hawakuwahi kukutana na kibaya kinachojitembeza kwenye simu saa sita za usiku, mtu ukiwa umelala chali na kadi ya benki imeshahifadhiwa humo humo.

Anza na kufua. Fulana zinazobadilika rangi kwa joto zilivuma sana mwaka 1991, kampuni ya Marekani iitwayo Generra ilipozitoa kwa jina la Hypercolor. Rangi yake imo ndani ya vifuko vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na joto kali la maji, pasi au dawa ya kung'arisha nguo huviharibu. Mimi nilinunua ya kizazi cha karibuni, nikidhani tatizo hilo lilikwisha siku nyingi. Nilifua mara moja kwa maji ya moto, ikaganda kwenye rangi ya zambarau iliyochoka na haikurudi tena. Hata kabla ya hapo ilikuwa imeshaniaibisha, maana joto la mwili halianzi kifuani palipochorwa nembo. Linaanza kwapani. Ukivaa fulana ya namna hiyo unautangazia umma ramani kamili ya jasho lako. Basi kama maelezo ya bidhaa hayasemi inafuliwaje, chukulia kwamba haifuliki, kisha jiulize utakaa nayo siku ngapi.

Betri ndiyo sura ndefu zaidi. Nilikuwa na kizibao chenye nyaya za kupasha joto, kizuri kweli kweli wakati wa baridi, ila betri yake ilikuwa imeshonewa ndani ya bitana. Nikakiweka kwenye sanduku la mizigo, nikaitwa pembeni kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege. Betri za akiba na pawabenki haziruhusiwi kwenye mizigo inayoingia tumboni mwa ndege, na betri inayoendesha vazi inatakiwa iweze kutolewa ukaguzi ukitaka. Yangu isingetoka bila mkasi. Nilikivaa safari nzima, nikatoka jasho kama mpishi. Kwa hiyo: nunua vazi ambalo betri yake inachomoka. Na ujue kukokotoa. Chukua mAh (miliampea-saa) zilizoandikwa kwenye betri, zidisha kwa volti, gawanya kwa 1,000, utapata wati-saa. Betri ya mAh 10,000 yenye volti 3.7 ni wati-saa 37. Kikomo cha kawaida cha kubeba kwenye mkoba wa mkononi bila kuomba kibali ni wati-saa 100, hivyo nyingi zinapita vizuri. Kinachokwamisha ni betri isiyo na maandishi yoyote, kwa sababu mkaguzi hana cha kusoma.

Betri ndogo za mviringo ninaziogopa zaidi. Hizi ndizo zinazowasha hereni za taa, beji za kumeta na viatu vya watoto vinavyong'aa. Ile maarufu, CR2032, jina lake ni vipimo vyake: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Ni ukubwa hasa wa kukwama kooni mwa mtoto, na ikikwama umeme wake huanza kuunguza nyama za koo, madhara makubwa yakiwezekana ndani ya saa 2 tu. Ukihisi mtoto ameimeza, usingoje dalili. Hospitali mara moja. Siku hizi sinunui pambo la betri hizi ambalo kifuniko chake hufunguka kwa kucha. Lazima kiwe na skrubu. Hereni yangu moja ilifunguka yenyewe nikiwa mgeni kwenye nyumba yenye mtoto anayetambaa, tukaitafuta ile betri chini ya makochi kwa nusu saa, watu wazima wanne tumepiga magoti. Tuliipata. Hereni niliziacha palepale, kwenye pipa.

Kuna mbwembwe nyingine ya kisasa inayokufa hata betri ikiwa imejaa: kitu kinachotegemea programu ya simu. Raba za Nike Adapt zinazojikaza zenyewe zilikuwa na programu yake, na kampuni ikatangaza kuiondoa Agosti 2024. Vitufe vya kwenye kiatu viliendelea kukaza na kulegeza, jambo lililowaokoa wenye nazo. Hapo pana somo la mnunuzi: tafuta kitufe halisi. Mimi nilikuwa na bangili ambayo haikuwa na kitufe hata kimoja; programu ilipoacha kufunguka kwenye simu yangu mpya, bangili ikawa mpira mweusi mkononi. Kampuni nazo hufa. Hövding, kola ya mwendesha baiskeli iliyofumuka kuwa mfuko wa hewa wakati wa ajali, ilibuniwa Uswidi na Anna Haupt na Terese Alstin, na ni miongoni mwa ubunifu ulionisisimua kuliko wowote. Kampuni yao ilifilisika Desemba 2023. Ukinunua kitu cha usalama kinachohitaji fundi wake mmoja tu duniani, hesabu na hilo.

Sasa nisije nikaonekana mchoyo wa furaha. Vitu vilivyokaa kabatini kwangu miaka mingi karibu vyote havina waya. Mwavuli unaofunga kinyumenyume, upande uliolowa ukabaki ndani, umeniokoa mara nyingi nikipanda gari mvua ikinyesha. Una ila zake: wangu ni mzito kwa sababu una tabaka mbili za kitambaa, haukunjiki kuingia kwenye mkoba, na maji hujikusanya ndani, ukiufungua kwa pupa yanamrukia aliye karibu. Lakini ukichakaa bado ni mwavuli. Vivyo hivyo shati lenye sumaku nyuma ya vifungo. Nilimnunulia mama mkubwa, ambaye vidole vyake vimekaza kwa baridi yabisi, akalivaa mwenyewe bila kumwita mtu, akaniambia, "Mwanangu, hili lingekuja zamani." Tahadhari moja tu, na si ndogo: sumaku kali huvuruga kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, kwa hiyo aliyepandikizwa kifaa hicho, au anayemkumbatia mara kwa mara mwenye nacho, asilivae kabla ya kumwuliza daktari.

Na usiwe na haraka ya kuwa wa kwanza. Zipu yenyewe ilianza kama kituko. Whitcomb Judson alipata hataza yake mwaka 1893, akilenga viatu, na kifungio chake kilikuwa na tabia ya kufunguka chenyewe au kukwama. Ilipita miaka 20 hivi mpaka Gideon Sundback alipotengeneza yenye meno yanayoshikana tunayoijua leo. Ninapoona bidhaa ya ajabu toleo la kwanza, namfikiria yule mtu wa mwaka 1893 na buti zake. Nangoja toleo la pili.

Kitu cha kuchekesha tu, kinunue kama kichekesho. Wajapani wana neno chindogu, sanaa aliyoianzisha Kenji Kawakami, ya kubuni vifaa vinavyotatua tatizo kweli huku vikileta aibu kubwa kuliko tatizo lenyewe: miavuli midogo ya kukinga ncha za viatu, kwa mfano. Masharti yake yanakataza kuviuza. Hata hivyo fimbo ya kujipigia picha iliwahi kuwekwa kwenye mkusanyo wa vichekesho hivyo mwaka 1995, na leo haishangazi mtu. Kwa hiyo nacheka kwa tahadhari.

Ukishaamua kununua, usisome maoni ya wiki ya kwanza. Ya wiki ya kwanza yameandikwa na watu wenye furaha kama niliyokuwa nayo mimi kabla ya ule ukumbi. Tafuta yaliyoandikwa baada ya miezi mitatu. Tafuta picha ya mgongoni, uzito kwa gramu, na video isiyo na muziki.

Lile koti bado ninalo. Niliketi jioni moja nikafumua mshono wa bitana, nikavuta waya wote taratibu mpaka ukatoka. Ni koti zuri jeusi, lina mfuko mmoja wa ziada mahali kilipokaa kijisanduku, ndimo zinamokaa funguo. Waya alichukua mpwa wangu akauzungushia kwenye baiskeli yake. Akipita nje usiku namsikia kabla sijamwona.