Usianze na viatu vya vyuma

Kosa langu la kwanza kwenye klogingi, ngoma ya Marekani ya kupigapiga miguu sakafuni, lilikuwa viatu. Nilipohamia Virginia rafiki akanipeleka Floyd, mji mdogo tu wa milimani, kuna duka pale Floyd Country Store Ijumaa usiku watu wanacheza, nikakuta wazee wanapiga miguu mpaka mbao za sakafu zinaitika, fidla na banjo zinakimbizana, nikasema hii ndo yangu. Wiki hiyohiyo nikaagiza viatu vyenye vyuma chini ya soli, vile ambavyo kipande kimoja kimelegezwa makusudi ili kigongane na mwenzake. Jamani kelele! Ukikosea ukumbi mzima unasikia, na mimi nilikuwa nakosea kila hatua. Bibi mmoja akanivuta pembeni akaniambia nenda kavae viatu vya ngozi, jifunze kwanza kusikiliza.

Basi na wewe anza hivyo. Soli ya ngozi inateleza kidogo, raba zinang'ang'ania sakafu halafu goti ndo linalipa. Hatua yenyewe ya msingi ni ndogo: ncha ya kiatu inakwaruza mbele na kurudi, unakanyaga, mguu mwingine unagusa nyuma haraka, unarudi kwenye ule wa kwanza. Ila kisigino lazima kitue palepale pigo zito linapoangukia, siyo kabla. Magoti legeza, miguu isipae, mikono iache ining'inie. Mimi wa Tanga niliyezoea chakacha kiuno kilikuwa kinajiendea chenyewe, miezi miwili nilikuwa nakituliza.

Zipo timu za sare ambazo wote wanapiga hatua moja kama gwaride, ni nzuri kutazama ila mimi zinanichosha. Fristaili kila mtu na miguu yake, ukiiba hatua ya jirani hakuna anayenuna. Na usijione mgeni sana, ngoma hii imechanganya Waayalandi, Waskoti, Waingereza, Wacherokee (wenyeji wa asili wa Marekani) na Waafrika waliokuwa watumwa, na hiyo banjo asili yake ni ala za hao Waafrika.

Mazoezi ya nyumbani tafuta kipande cha plaiwudi, dakika kumi kila siku zinatosha, muziki wa taratibu kwanza. Kama unakaa ghorofani weka blanketi chini yake na usicheze baada ya saa mbili usiku, mimi jirani wa chini alipanda na ufagio mkononi.