"Nimefunga" si jibu la kutosha

Kila mwaka leseni ikikaribia kuisha, sisi watoa dawa za usingizi hukimbizana na pointi za mafunzo ya kazini. Mwaka mmoja niliona kwenye ratiba mada ya mila na imani za wagonjwa, nikaipita huku nacheka. Mimi mzaliwa wa Majengo, nimelelewa na nyanya. Nani wa kunifunza mila za Mombasa? Nikachagua somo la mashine.

Ramadhani iliyofuata ikanirudisha chuoni.

Mgonjwa alikuwa bwana wa makamo, ana ngiri, zamu yake ya thieta saa mbili asubuhi. Nilimkuta kitandani ameshika tasbihi. "Umefunga?" "Alhamdulillahi, nimefunga." Nikatia alama kwenye fomu. Nami nilikuwa nimefunga vilevile, daku yangu bado iko tumboni, wala haikunigutua. Tulipokuwa twasukuma kitanda, mkewe akanifuata kwenye ushoroba. "Daktari, usiwe na wasiwasi, ana nguvu. Nimemuamsha saa kumi na nusu, kala daku vizuri, wali na mchuzi wa papa."

Hesabu mwenyewe: kati ya daku na thieta ni muda wa saa tatu na nusu. Mlo mwepesi huhitaji saa 6 kabla ya usingizi, wenye mafuta saa 8. Maji matupu ndiyo huruhusiwa hadi zibaki saa 2. Mtu akilazwa na wali ule, ukapanda kooni na kuteremkia mapafuni, ngiri si shida tena. Tukamsogeza hadi alasiri. Na hakuna aliyedanganya. Nilimuuliza swali la dini, akanipa jibu la dini.

Siku hizi naulizia tonge la mwisho na funda la mwisho, saa ngapi kila moja, na uji nautaja kwa jina lake. Wako wengi wanaoapa kuwa hawajala, na ni kweli: uji hauliwi, hunywewa. Na nje ya Ramadhani neno "umefunga" liache kabisa. Mzee mmoja alinijibu, "La, choo nilipata jana."

Baada ya hapo nikaihudhuria ile mada niliyoicheka. Nusu yake haikuwa na maana: picha ukutani, Waislamu hivi, Wamijikenda vile, wote kwenye jedwali. Somo la namna hiyo ni hatari kuliko kutosoma, kwa sababu hukupa majibu kabla hujauliza, na mimi tayari nilikuwa nimeponzwa na kujiona najua. Nusu ya pili ilishikwa na nesi wa wodi ya wanawake, mtu wa miaka mingi kazini, aliyetuambia kila mmoja ataje mgonjwa aliyemshinda. Hapo ndipo tulipofunzana.

Mwenzangu mmoja alieleza habari ya bi harusi aliyeletwa na kidole tumbo siku chache baada ya harusi. Kipimo cha oksijeni kidoleni hakikusoma kitu, thieta nzima ikaruka. Vidole vilikuwa vyeusi kwa piko hadi kwenye kucha. Hina nyekundu kwa kawaida haisumbui sana, lakini ile nyeusi huziba mwanga wa kipimo. Wakabana ndewe ya sikio, kikasoma asilimia 99, oksijeni iko sawa. Ukiona maua mkononi, tafuta sikio mapema, na umpongeze kwa harusi. Hata mapigo ya moyo hushuka.

Mimi nilitaja ulimi. Kabla ya kumlaza mtu lazima tuone koo, na kwa miaka nilikuwa nikiwaambia wazee, "Fungua mdomo, toa ulimi." Mtoto amwambie bibi yake atoe ulimi! Wengine walikuwa wakiubana nusu kwa haya, nami naandika kwamba koo ni finyu. Sasa naomba radhi kwanza, nautoa wangu, twacheka, koo lote laonekana.

Muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, nao unataka upole. Hupandisha mapigo na presha, kwa hiyo lazima nijue ulitafunwa lini. Tangu kaunti ilipotangaza marufuku mwaka 2024, ukiuliza kama askari utaambiwa hapana. Mimi huuliza, "Jana mlikaa barazani hadi saa ngapi?" Jibu huja lenyewe.

Kwa hiyo ukiwa unachagua pa kupatia pointi, uliza nani anafundisha, na kama mtapewa nafasi ya kusema mlipokosea. Kama ni jedwali tu, nenda kwenye somo la mashine, walau utajua kuitengeneza.

Yule bwana wa ngiri tulimpasua saa tisa alasiri. Alipozinduka, dripu mkononi, swali lake la kwanza halikuwa la kidonda. "Daktari, saumu yangu ya leo nitailipa?" Nikamwambia hilo amuulize maalimu wake, mimi kazi yangu ni usingizi.