Nyuzi, uji na supu ya kwaki
Ndugu, umeuliza nadharia ya nyuzi, ile isemayo kwamba chembe zote ni nyuzi ndogo mno zinazotetema, ina faida gani kama hakuna aliyewahi kuuona uzi wenyewe. Nikupe moja. Hapa Kondele, Kisumu, mama wa uji akikoroga uji wa wimbi, mwiko unakuwa mzito mkononi: huo ndio mnato. Sasa, mwaka 2005 wanafizikia wa maabara ya Brookhaven, Marekani, walitangaza kwamba wakigonganisha viini vya dhahabu, kwaki (chembe zinazounda protoni na neutroni) na gluoni (chembe zinazozigandisha kwaki pamoja) hutiririka kama kimiminika, si gesi waliyoitarajia, tena chenye mnato mdogo ajabu kwa kiasi cha entropia yake, yaani kipimo cha vurugu ya chembe zake. Chembe zimeshikana kwa nguvu mno, hesabu za kukadiria hatua kwa hatua zinagoma. Hapo linaingia wazo la mwanafizikia Maldacena la 1997, lililotokana na nadharia ya nyuzi: swali la chembe unalihamishia kwenye shimo jeusi, katika ulimwengu wenye kipimo (mwelekeo wa nafasi) kimoja zaidi, na huko linahesabika. Mnato ukiugawanya kwa msongamano wa entropia, unapata 1/(4π) kwa vizio vya asili, yaani vile ambavyo namba za msingi za fizikia huwekwa kuwa 1. Data za maabara ziko karibu na hapo. Ila usishangilie mapema: hesabu ile ni ya binamu wa nadharia ya kwaki, si yenyewe, kwa hiyo nyuzi bado hazijathibitishwa.