Maswali ya Wasomaji: Nani Aliueneza Ukristo katika Dola ya Kirumi?

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni fundi cherehani hapa Temeke, na jioni tukishafunga kazi huwa tunazungumza mambo ya dini na historia. Juzi mwenzetu mmoja alishikilia kwamba Ukristo usingefika popote kama Kaisari Konstantino asingewalazimisha watu wa dola yake kuupokea. Mwingine akasema kazi yote ilifanywa na mitume. Naomba utuamue. – Msomaji, Temeke

JIBU: Ndugu msomaji, tukianza na tarehe, nusu ya ubishi wenu inaisha. Mwaka 313, mjini Milan, Konstantino na mtawala mwenzake Licinius walikubaliana kwamba kila mtu awe huru kufuata dini aitakayo, na kwamba Wakristo warudishiwe majengo na mali walizonyang'anywa. Hakuna aliyeamriwa kubatizwa. Amri iliyoufanya Ukristo kuwa dini rasmi ya dola ilitolewa na Theodosius mwaka 380, miaka 43 baada ya Konstantino kufariki. Ni kweli kwamba Konstantino alijenga makanisa na kuwapa mapadre misamaha ya majukumu ya kiserikali, na upendeleo huo uliongeza sana idadi ya waumini. Lakini alikuta kanisa limekwisha kuota mizizi.

Ushahidi wa hilo ninaoupenda zaidi umetoka kwa mtu ambaye hakuwa na sababu ya kuwasifu. Karibu mwaka 112, Plinius, liwali wa Bithinia na Ponto, kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Uturuki, alimwandikia Kaisari Traianus akiomba mwongozo. Alieleza kwamba walioshtakiwa kwa Ukristo walikuwa wa kila umri na kila daraja, wanaume kwa wanawake, na kwamba imani hiyo haikuishia mijini bali ilikuwa imepenya hadi vijijini na mashambani, hata nyama ya wanyama waliochinjwa kwa ajili ya miungu ikawa haipati wanunuzi. Ili apate ukweli, aliwatesa wajakazi wawili ambao Wakristo wenzao waliwaita wahudumu wa kanisa. Hapo naomba msomaji atue kidogo: mbele ya liwali, kanisa la mkoa ule liliwakilishwa na wanawake watumwa, na majina yao Plinius hakuyaandika.

Kwa kuwa wewe ni fundi, mkumbuke pia Akila, mzaliwa wa Ponto hiyohiyo, na mkewe Prisila, ambao walikuwa washona mahema. Kaisari Klaudio alipowafukuza Wayahudi kutoka Roma, karibu mwaka 49, walihamia Korintho, na huko Paulo akakaa kwao na kufanya kazi pamoja nao kwa sababu ufundi wao ulikuwa mmoja. Baadaye walikwenda Efeso, kisha tunawakuta tena Roma, na katika miji hiyo miwili ya mwisho Paulo analitaja kanisa lililokutana nyumbani mwao. Wasomaji wetu wanaosali katika jumuiya ndogondogo za mitaani watalielewa jambo hili haraka. Paulo alisafiri na kuandika sana, lakini hata yeye alipowaandikia Warumi alikuwa akiliandikia kanisa lililokuwapo kabla hajatia mguu katika mji huo. Barabara za dola zilisaidia, na Kigiriki kilisaidia zaidi, kwani kilikuwa lugha ya sokoni na ya barua kuanzia Iskanderia hadi Roma, kama mtu wa Kigoma anavyoelewana na mtu wa Lindi pale Kariakoo bila mkalimani.

Bado kusikia habari si kubaki nayo. Naamini kilichowashika watu ni namna walivyotunzwa. Mwaka 251 Cornelius, askofu wa Roma, aliandika kwamba kanisa lake lilikuwa likiwalisha wajane na wahitaji zaidi ya 1,500. Mwaka 303 maofisa walipopekua nyumba ya ibada huko Cirta, katika Algeria ya leo, waliorodhesha vikombe 2 vya dhahabu na 6 vya fedha, kisha wakakuta kanzu 82 za kike, kanzu 16 za kiume na jozi 47 za viatu vya wanawake. Hiyo ilikuwa stoo ya nguo, na ni vigumu kuona ilikuwa ya nani kama si ya maskini. Kaisari Julianus, mtoto wa ndugu yake Konstantino, alipojaribu kurudisha ibada ya miungu mwaka 362, alimlalamikia kuhani wake mkuu wa Galatia kwamba Wakristo wamekua kwa ukarimu wao kwa wageni na uangalifu wao katika kuzika wafu, na kwamba wanawalisha maskini wao pamoja na wale wasio wao. Anayejua uzito wa msiba katika mitaa yetu hatashangaa kwamba mazishi yaliwavuta watu.

SWALI: Je, Wakristo waliteswa mfululizo kwa miaka 300? – Msomaji, Kinondoni

JIBU: Hapana. Traianus alimjibu Plinius kwamba wasitafutwe, na mashtaka yasiyo na jina la mshtaki yasipokelewe, ingawa aliyeshtakiwa na kukataa kuikana imani yake aliadhibiwa. Kwa hiyo usalama wao ulitegemea majirani na liwali wa mahali. Mwaka 180, huko Carthage, katika Tunisia ya leo, Wakristo 12 wa mji mdogo wa Scillium, saba wanaume na watano wanawake, walipewa nafasi ya siku 30 za kutafakari, wakaikataa, wakauawa. Msako wa dola nzima ulikuja na Kaisari Decius mwaka 250, alipotaka kila raia atoe sadaka kwa miungu na kupewa hati ya kuthibitisha kwamba ametoa. Baadhi ya hati hizo za mafunjo zimepatikana Misri. Msako mkali kuliko yote ulianza mwaka 303 chini ya Kaisari Diocletianus, na Galerius, mtawala mwenzake, alikuwa miongoni mwa waliouchochea. Mwaka 311, akiwa mgonjwa na siku chache tu kabla ya kufa, Galerius huyohuyo alitoa amri ya kuwaruhusu Wakristo wakusanyike tena, akawataka wamwombee kwa Mungu wao.