Kaka yako si mvivu: kuishi na ubongo ulioumia

Pole sana, dada. Umesema kaka yako aliumia kichwa kwenye ajali ya gari, akakaa muda mrefu bila fahamu, na sasa mwaka umepita. Anatembea, anaongea, anakula mwenyewe, ila anashinda kitandani, anasahau, anafoka kwa jambo dogo, na nyumbani wameanza kumwita mvivu. Unauliza kama anajifanya. Mimi nami niliumia kichwa vibaya miaka iliyopita, na athari zake naishi nazo mpaka leo.

Hajifanyi. Neno hilo "mvivu" liliniuma kuliko maumivu ya kichwa yenyewe, kwa hiyo nakuomba ulikomeshe humo ndani.

Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayopanga mambo, inayozuia hasira, na ndiyo inayomwezesha mtu kuanza jambo. Kwenye ajali ubongo hurushwa ndani ya fuvu, sehemu hiyo ikagonga mfupa, na nyuzi nyembamba zinazounganisha ubongo huvutika na kukatika. Majeraha mengi ya nyuzi hizo ni madogo mno, hata sitiskani, ile picha ya kichwa ya hospitali, haiyaoni. Ndiyo maana mtu huweza kuambiwa picha yake ni nzuri na bado hayuko sawa.

Hapo kwenye kuanza ndipo watu wasipoelewa. Nilikuwa naketi ukingoni mwa kitanda, taulo begani, nikijua natakiwa nikaoge, nikitaka kuoga, na siinuki. Mama akija akanishika mkono, "Haya mwanangu, simama," nasimama, na nikishafika bafuni namaliza mwenyewe. Nilichokosa ni ule msukumo wa kwanza tu. Basi usimuulize kaka yako, "Leo una mpango gani?" Swali pana kama hilo linamfunga. Mwambie, "Tuvae viatu." Akishavaa, mpe linalofuata. Kengele ya simu nayo inasaidia, mradi iandikwe cha kufanya, maana mlio mtupu ataunyamazisha na kusahau ulilia kwa nini.

Mpangieni pia siku zinazofanana. Kuna Mmarekani mmoja, Phineas Gage, ambaye mwaka 1848 mtaimbo ulimpenya fuvu ukaharibu sehemu hiyohiyo ya mbele. Wengi husimulia tu jinsi tabia yake ilivyobadilika. Huwa hawasemi kwamba baadaye alikwenda Chile akaendesha magari ya farasi ya abiria kwa miaka kadhaa. Mimi naamini kazi yenye mpangilio uleule kila siku ilimbeba, kwa sababu hata mimi ratiba ndiyo inayonibeba.

Hasira zake, chunguza kama hazitokani na uchovu. Ubongo ulioumia unatoka jasho kwa mambo ambayo zamani yalijiendea yenyewe. Watu watatu wakiongea kwa pamoja na redio inalia, mimi huanza kupotelewa na maneno, halafu nawaka. Kaka yako naye ana dalili zake. Zijue, mtoe kwenye kelele mapema, na hasira zikishampanda usibishane naye.

Kuhusu kusahau, ya zamani mara nyingi hubaki wakati mapya hayashiki, kwa hiyo msimshutumu kwamba anachagua cha kukumbuka. Na akisimulia jambo ambalo halikutokea, huenda ubongo umejaza pengo na yeye anaamini kabisa. Msimwite mwongo.

Umeuliza kama atarudi kama zamani. Nafuu kubwa huja haraka zaidi miezi ya mwanzo, lakini haikomi hapo. Kuna mambo niliyapata tena baada ya miaka. Mimi wa zamani, hata hivyo, hakurudi mzima, na kumlilia mtu huyo wakati mwenyewe bado yupo hai mbele yenu ni jambo linaloruhusiwa. Ila msimlilie mbele yake.

Yapo ya kumwambia daktari. Kifafa huweza kuanza miezi au hata miaka baada ya jeraha, na si lazima aanguke: kukodoa macho bila kuitikia, au kutafuna midomo, vinatosha kutia shaka. Pombe aiache kabisa. Kama anatumia levetirasitamu, dawa ya kuzuia kifafa, na hasira zilizidi alipoianza, semeni, kwa sababu dawa hiyo huweza kuleta hasira. Ila asiiache ghafla. Uchovu usioisha unaweza pia kutoka kwenye tezi ya pituitari, ile ndogo iliyo chini ya ubongo inayoongoza homoni za mwili, na homoni hizo hupimwa. Chunguzeni kama anasikia harufu, maana asiposikia hatajua gesi inavuja au chakula kimechacha.

Na siku ya kliniki ingia naye ndani, ukiwa umeandika unayoyaona nyumbani. Akiulizwa mwenyewe atasema yuko sawa, na atakuwa anaamini hivyo, kwa sababu sehemu inayomwonyesha mtu kilichopungua kwake huweza nayo kuwa imeumia.