Uvimbe upi umeotesha uvimbe upi?

SWALI: Natafsiri kijitabu cha afya. Niliandika: "Seli za uvimbe huchangia uvimbe wa saratani ya ngozi." Muuguzi aliyenipitishia macho aliuliza, "Sasa uvimbe upi umeotesha mwenzake?" Kiswahili hakina neno jingine?

JIBU: Kweli, kwetu jipu ni uvimbe, kifundo kilichoteguka ni uvimbe, na saratani nayo uvimbe. Lakini tusijione maskini. Celsus, Mrumi wa karne ya 1, alitaja dalili nne za mwili unaopambana na jeraha au vijidudu: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Uvimbe huo aliuita tumor, neno lile lile ambalo madaktari wa leo hulitumia kwa kinachoota mwilini.

Neno unalotafuta kwa uvimbe wa kwanza katika sentensi yako ni mchochota. Wengi hawalijui, kwa hiyo lifafanue linapotokea mara ya kwanza: mwili kuwaka, kuwa mwekundu na kuuma unapopambana na jeraha au vijidudu. Uvimbe uuachie saratani, nao uupe kitenzi chake: kifundo huvimba kisha kikanywea, saratani huota.

"Seli za uvimbe" ifute kabisa, maana msomaji atadhani ni seli za saratani yenyewe. Unaowasema ni askari, yaani chembechembe nyeupe za damu. Fikiria kidonda ndugu, au kovu la moto linalochubuka miaka nenda rudi. Askari hawaondoki. Kemikali wanazomwaga kuua vijidudu huharibu pia vinasaba vya seli za ngozi zilizo jirani, na nyingine huzihimiza seli hizo zigawanyike na mishipa mipya ya damu ichipue. Ndipo kidonda kinapoweza kugeuka saratani. Madaktari hukiita kidonda cha Marjolin.

Limebaki "huchangia". Si kosa, ila sikioni mwangu linanuka kadi ya mchango wa harusi. Ningesema "huchochea". Anayechochea moto hakuuwasha. Ameukuta, akasukuma kuni. Saratani nyingi za ngozi huanzishwa na jua, kisha mchochota ukasukuma kuni. "Husababisha" usiiguse, kwani wapo askari wengine katika kundi hilo hilo wanaoiua saratani.

Kwa hiyo: "Mchochota usiokwisha huchochea saratani ya ngozi, kwa kuwa baadhi ya chembechembe za kinga zinazokuja kuponya huishia kuharibu seli za ngozi zilizo jirani." Ni ndefu kuliko yako, najua. Mrudishie muuguzi aisome kwa sauti.